Gunia Lisilovuja

Fundi Turubai aliikubali kazi ile kabla hajaelezwa hata nusu yake. Injinia alikuwa bado ananyoosha mchoro juu ya meza ya kukatia, anatafuta cha kuukandamizia usijikunje, na yeye tayari alishasema, "Naiweza."

"Sijakwambia ni kitu gani, fundi."

"Ni cha kushonwa?"

"Ni cha kushonwa."

"Basi naiweza."

Dada yake, aliyekuwa anatia uzi kwenye cherehani ya pili, hakuinua hata uso. "Msamehe, mwanangu," alimwambia injinia. "Huyu alizaliwa kabla ya siku zake, na mpaka leo hajajifunza kusubiri."

Injinia alikuwa binti wa maneno machache, na buti za mpira hazikumtoka miguuni hata siku za jua kali. Akaeleza. Alitaka gunia. Si la mchele, si la saruji. Gunia refu kama safu nzima ya nyumba, nene kiasi kwamba mtu akichuchumaa upande wa pili humwoni. Lilazwe baharini mbele ya nyumba za ufukweni maji yakiwa yamekupwa, lijazwe mchanga kwa pampu, kisha libaki pale kama mnyama aliyelala, ili mawimbi yavunjikie mgongoni kwake badala ya kuvunjikia kwenye kuta za watu. Magunia ya namna hiyo hutoka viwandani, ng'ambo, lakini lao lilikuwa limekwama kwenye bandari ya watu na hakuna aliyejua litatoka lini. Kitambaa chenyewe alikuwa nacho, majora mazima. Alichokosa ni mtu wa kukishona kabla ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, na bamvua ilikuwa karibu.

Fundi Turubai aliona viganja vinamwasha. Alikuwa ameshona mahema ya harusi, vifuniko vya malori, vivuli vya wauza matunda. Kitu cha ukubwa huu hakuwahi hata kukiota. Isitoshe, ile nyumba ya pembeni kabisa, inayopigwa na wimbi kabla ya nyingine zote, ilikuwa ya mama yake.

Nyumba ya mama ilikuwa na mlango wa jikoni usiofunguliwa. Zamani ulifunguka ukateremka ngazi mpaka kwenye uwanja mpana wa mchanga, mahali alipoanika nguo na kuwafukuza watoto wake warudi ndani kula. Bahari ikala mchanga, ikala kamba za nguo, na bamvua iliyopita ikabeba ngazi zenyewe. Fundi akaupigilia mlango misumari, maana ukiufungua unakanyaga hewa. Tangu hapo, kila wimbi likija, mifuniko ya sufuria kwenye rafu iligongana. Mama alikuwa ameizoea. Alimwaga maji ya vyombo dirishani, yakaenda moja kwa moja baharini, na akawaambia wageni kwamba hakuna mwanamke mwingine pale mwenye bomba la maji taka kubwa kama lake.

Injinia hakuwa na kicheko katika jambo hilo. Alipiga magoti jikoni, akapitisha vidole kwenye ufa wa sakafu, akasema wazi: bamvua hii ikiikuta nyumba kama ilivyo, jiko linaondoka. Jiko likiondoka, vyumba vinafuata.

"Mama, hamia kwangu," fundi alimwambia kwa mara isiyojulikana ni ya ngapi.

"Kwako wapi? Nikalale na mahema?"

"Nitakutolea chumba."

"Chumba ninacho. Hiki hapa. Wewe na dada yako mmezaliwa nyuma ya ukuta ule. Badala ya kunihamisha mimi, ihamishe bahari."

Kuihamisha walishajaribu. Miaka michache nyuma mtaa mzima ulijenga ukuta wa mawe, mzuri kweli, ukapakwa na chokaa. Bahari haikuupiga ukuta ule kifuani. Iliuchimba miguuni, ikachota mchanga chini yake taratibu, siku moja ukuta ukalala kifudifudi majini kama mlevi. Ndiyo maana injinia hakutaka kusikia habari ya mawe. Alitaka kitu kizito lakini laini, kinachokaa pale wimbi linapoanza kukasirika, si pale linapomaliza.

Basi kazi ikaanza, na mtaa ukageuka karakana. Duka la fundi lilikuwa dogo. Kitambaa kilitoka mlangoni, kikapita mbele ya kinyozi, kikakata kona kuelekea duka la dawa. Wateja wa kinyozi walikaa wamenyolewa upande mmoja, wamekamata pindo mapajani, wanalisogeza kila fundi alipopiga kelele "Vuta." Dada yake alishona upande wake, yeye wake. Tangu utotoni walishindana hivyo hivyo, kila mmoja akianzia mwisho mmoja wa turubai, atakayefika katikati wa kwanza amchagulie mwenzake kazi ya kufanya jioni. Mara nyingi dada alishinda. Fundi alisema cherehani ya dada ilikuwa nzuri zaidi. Dada alisema cherehani zilibadilishwa tangu mwaka juzi na bado matokeo ni yale yale.

Kila mshono ulipita mara mbili, uzi mnene wa nailoni. Injinia alikuja, akavuta mishono kwa mikono yote miwili, akaning'inia kabisa kama mtoto kwenye tawi. Haikulegea. Akatabasamu, jambo ambalo wengi walikuwa hawajaliona.

"Kesho tunalilaza," alisema. "Fundi, hapa umefanya kazi."

Sasa, ni lazima ueleweke mwenendo wa duka lile. Juu ya mlango kuna kibao, kilichoandikwa na marehemu baba yao kwa rangi nyekundu: HAIVUJI. Neno moja, basi. Na halikuwa neno la bure. Hakuna kitu kilichotoka katika duka lile bila kupakwa nta. Baba aliichemsha kwenye sufuria kubwa jeusi, akachanganya na mafuta kwa kipimo alichokijua yeye na watoto wake, akapaka kitambaa chote kwa brashi, mpaka maji yakimwagwa juu yanakimbia kama yamefukuzwa. Harusi ngapi zilinyeshewa chini ya mahema yao na hakuna bibi harusi aliyelowa hata kope.

Injinia alipoondoka, fundi alilitazama gunia lile limekunjwa mlangoni, kubwa kama tembo, akaona aibu. Kazi kubwa kuliko zote za maisha yake, kazi ya kumlinda mama yake mzazi, na itoke hapa kavu bila nta? Akawasha jiko. Hakumwomba mtu ruhusa, kwa sababu hakuna anayeomba ruhusa ya kutoa nyongeza. Dada akasaidia, akalishikilia sufuria. Hata yeye hakuona kosa. Walipaka gunia zima, mgongo na mbavu, likang'aa kama kiatu cha askari.

Asubuhi maji yalipokupwa, watu walikuwa wameshajaa ufukweni. Gunia lilibebwa mabegani na mtaa mzima, kinyozi mbele anaongoza kwa kuhesabu hatua vibaya, likashuka mpaka majini, likalazwa mahali injinia alipopigilia vigingi. Nje kidogo, juu ya chelezo cha mapipa, alikaa mwendesha pampu, mtu waliyemwita Kelele. Mashine zilikuwa zimemla masikio, hivyo aliongea na kila mtu kama anamwita ng'ambo ya mto. Pampu yake ilinyonya mchanga kule mbele ya gati, ambako bahari ilikuwa imerundika mchanga ule ule iliouiba huku, na kuutema pamoja na maji kupitia bomba la mpira mpaka kwenye mdomo wa gunia.

"Nitie moto?" Kelele aliuliza, na mji mzima ukasikia.

Injinia akainua mkono. Pampu ikakohoa, ikashika. Bomba likaruka kama limetekenywa. Gunia likaanza kuinuka.

Fundi Turubai hakuweza kusimama mahali pamoja. Alikimbia huku, akakimbia kule, akalipiga makofi ubavuni kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Gunia lilivimba, likajaa, likawa duara, linang'aa juani. Watu wakapiga vigelegele. Mama yake alitoa kichwa dirishani, akauliza kama hilo ndilo litakalomzibia mandhari.

Injinia peke yake hakushangilia. Alikuwa ameinama, kiganja kimegusa ubavu wa gunia. Akakitazama kiganja. Kikavu.

"Halitoi jasho," alisema.

"Litoe jasho la nini?" fundi akajibu, kifua mbele. "Kitu changu hakitoi jasho. Nimelipaka nta."

Injinia akamgeukia. "Fundi. Umelipaka nini?"

"Nta. Mara mbili. Hiyo ni zawadi yangu, usihangaike."

"Kelele, zima!" injinia alipaza sauti, na kwa kuwa Kelele hakusikia, akavua buti moja akamtupia. Pampu ikazimwa.

Gunia lilikaa pale limetuna, limekaza, linalia kii, kii, kwenye mishono. Na injinia akaeleza, haraka, bila hasira, jambo ambalo hakuwahi kufikiri mtu angehitaji kuelezwa. Pampu haitemi mchanga mtupu. Inatema maji mengi na mchanga kidogo. Kitambaa kile kimefumwa ili maji yatoke na mchanga ubaki. Maji yasipotoka, mchanga hauna pa kukaa, na gunia linabaki puto. Wimbi la kwanza la bamvua litalipasua.

"Yaani," alisema fundi pole pole, "lilitakiwa livuje."

"Kote kote."

Dada yake akaziba mdomo kwa mkono. Fundi alidhani analia. Alipotazama vizuri, alikuwa anacheka mpaka mabega yanaruka. "Miaka yote hii," alisema akipumua kwa taabu. "Miaka yote tunashona visivuje. Siku moja, siku moja tu katika maisha, tunaombwa kitu kinachovuja."

"Na wewe ulishika sufuria," fundi akamwambia.

"Nilishika. Mimi na wewe wote wapumbavu, mdogo wangu. Haya, tunafanyaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, maana maji yalikuwa yameshageuka. Yalipokuwa yamerudi nyuma, sasa yalianza kuja, kilimi kimoja kimoja, na yakifika juu yangekuwa ya bamvua. Mtu mmoja akasema gunia litobolewe kwa misumari. Injinia akakataa: tundu la msumari litavujisha na mchanga. Akazunguka gunia, akapanda juu yake, akatembea mgongoni mwake akiyumba.

"Mbavu ziacheni na nta yake," alisema. "Tukiuondoa mgongo wote, tukaweka kitambaa kisichopakwa, maji yatapata pa kutokea. Jora la mwisho lina kipande kilichobaki. Tatizo ni kushona. Hapa hapa, likiwa limelala, kabla maji hayajafika kiunoni."

Akamtazama fundi. Hakumaliza kuuliza.

"Naiweza," fundi alisema.

Dada alishaanza kukimbia kwenda dukani.

Alirudi na jora begani na mashine mbili za mkononi, zile za kufungia midomo ya magunia ya unga. Moja ilikuwa yao, nyingine ya mwenye kinu, aliyekuja nyuma yake akiuliza itarudi lini bila kujibiwa. Waya wa umeme ulivutwa kutoka nyumba ya mama, ukapitishwa juu ya vichwa, kinyozi na mwenzake wa duka la dawa wameuinua kama bendera. Fundi alichomoa kisu. Akaushika mshono wake mwenyewe, ule alioning'inia injinia, mshono mzuri kuliko yote aliyowahi kushona. Akaukata.

Maji yalimpiga usoni mara moja, yakamwangusha kitako. Ufukwe mzima ukacheka, naye akacheka, akainuka, akaendelea kukata. Gunia lilipumua, likashuka, likabaki na mchanga kidogo tumboni. Mgongo wenye nta ukavutwa pembeni. Kitambaa kipya kikatandazwa juu ya mdomo ule mrefu, watu wamekamata pindo pande zote wasiliachie.

"Wewe anzia kule," dada alisema. "Mimi hapa. Tukutane katikati."

"Atakayeshinda?"

"Atakayeshinda mama yake atapika jikoni kwake kesho. Shona."

Wakashona. Mashine zilipiga kelele kama nyuki waliochokozwa. Fundi alitembea kinyumenyume mgongoni mwa gunia, magoti yameinama, mkono wa kushoto unalaza kitambaa, wa kulia unasukuma. Maji yakamgusa vidole. Yakamfika vifundoni. Alimaliza upande mmoja, akageuka upande wa pili. Kila alipoinua macho alimwona dada yake amekaribia zaidi ya alivyotarajia, kilemba kimemfunguka, na hakujisumbua kukifunga.

"Mshono mmoja unatosha," fundi alipaza sauti. "Hatuna muda."

"Mshono mmoja ni wa shati. Rudia."

Wakarudia. Wimbi likapanda mgongoni mwa gunia, dogo, kama linaonja tu. Injinia akainua mkono. "Umeme basi. Toeni waya. Maji ya chumvi na umeme, hapana."

"Bado kidogo tu."

"Fundi, nimesema toa."

Waya ukatolewa. Kati ya kaka na dada kulibaki uwazi wa kupitisha watu wawili. Fundi alichomoa kofiani sindano nene ya turubai, dada akachomoa yake kwenye ncha ya kanga. Kila mmoja akavaa kile kigozi cha kiganjani cha kusukumia sindano, wakalala kifudifudi juu ya gunia, vichwa vimeelekeana, miguu inaelea. Wimbi lilikuja, waliziba pumzi, likapita, wakapiga mshono mmoja, miwili, likaja jingine. Uzi ulimkata fundi kidole, hakuhisi. Alihisi furaha ya ajabu iliyomjaa kifuani, kama anateremka mlima mbio na hawezi kusimama. Paji lake likagonga paji la dada yake.

"Nimefika," alisema.

"Nimefika mimi. Wewe umenigonga."

Wakafunga fundo pamoja. Kelele hakungoja mkono wa mtu. Aliliona fundo, akatia moto. Bomba likaruka. Gunia likainuka chini yao, nao wakateleza wakaanguka majini kila mmoja upande wake. Fundi alijitoa majini akikohoa, akaweka kiganja juu ya mgongo mpya wa gunia.

Ulikuwa umelowa. Si kwa wimbi, maana maji ya wimbi huja kutoka nje. Haya yalitoka ndani, vijitone vingi, laini, kama paji la mtu aliyelima, yakakusanyika, yakatiririka ubavuni.

"Linavuja," alisema.

"Nini?" aliuliza Kelele kutoka kwenye chelezo.

"Linavuja!" Akaruka majini kama mtoto. "Jamani, linavuja kama kapu!"

Na watu wazima, wenye akili zao, wakakumbatiana ufukweni kwa sababu fundi wao ameshona kitu kinachovuja. Gunia likatulia, likajaa, likawa zito. Pampu iliendelea mpaka chelezo chenyewe kikaanza kuruka na Kelele akavutwa nchi kavu, bado anaeleza jambo kwa sauti kubwa.

Alasiri ile maji yalifika juu kabisa. Fundi, dada yake na injinia walikuwa jikoni kwa mama, nguo zao zinachuruzika sakafuni, kwa sababu mama alikataa kutoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya jiko la mafuta, birika linaimba, amevaa viatu vya kutokea, jambo la pekee lililoonyesha kwamba naye alikuwa na wasiwasi. Hakuna aliyetazama dirishani. Wote walitazama rafu ya sufuria.

Wimbi la kwanza kubwa lilisikika likija. Sauti yake ilikuwa tofauti. Lilivunjika mbali, kwa kishindo kizito, kama robota linaloangushwa ghalani. Kisha likafika ukutani likiwa povu tu, linanong'ona. Mifuniko haikutikisika.

La pili, vivyo hivyo. La tatu lilikuwa kubwa kuliko yote. Walilisikia likipanda, fundi akashika ukingo wa meza, miguu yake imebonyea sakafuni inausikiliza ule ufa. Likavunjika. Mfuniko mmoja, wa sufuria ya maziwa, ukagonga. Ti. Basi.

Mama akausogeza mfuniko vizuri mahali pake. "Hilo limepiga hodi tu," alisema. "Injinia, binti yangu, chai yako tia sukari mwenyewe."

Bamvua ikapita na jiko likabaki. Kila maji yalipokupwa, nyuma ya gunia paliongezeka ulimi wa mchanga, mwembamba mwanzoni, halafu mnene, halafu wenye nyayo za ndege. Siku injinia alipokuja kumwambia fundi kwamba kamati ya mtaa imekubali gunia la pili, la kulinda nyumba zilizofuata, mama alikuwa amemwita mwanawe aje na nyundo.

"Toa misumari," alimwambia.

Fundi akang'oa, mmoja baada ya mwingine. Mlango ulikuwa umevimba kwa chumvi. Akausukuma kwa bega. Ukafunguka. Ngazi hazikuwepo, lakini mruko ulikuwa mfupi, na chini palikuwa mchanga. Mama akasimama kizingitini, mkono kiunoni, anatazama uwanja wake mdogo mpya kama mtu anayekagua deni la zamani lililoanza kulipwa kwa vipande.

"Utaniletea mchanga jikoni sasa," alinung'unika, na hakutaka wamwone uso.

Kando ya kizingiti, nje, kulikuwa na sufuria kubwa jeusi lenye udongo, na ndani yake mche wa pilipili. Fundi alilitambua mara moja.

"Mama. Hili ni sufuria la nta."

"Nimepewa na dada yako. Amesema hutalihitaji kwa muda."

"Kwa hiyo hilo gunia la pili, fundi," injinia alianza, anakunjua mchoro mlangoni, "safari hii ni refu zaidi, na kona yake—"

"Naiweza," alisema fundi, akaruka mchangani kwenda kupima.